Ndama katika baridi ya milimani: usiku ule mrefu bila maziwa



Mvua ya mwezi wa tisa imerudi, na pamoja nayo habari ile ile tunayosikia kila mwaka tukipita milimani, tangu Masisi mpaka Lubero, mpaka nyanda za juu za Minembwe na Itombwe. Tukiuliza ndama wa juzi iko namna gani, jibu linakuja haraka: "Alikufwa juu ya baridi." Alizaliwa jioni, alisimama, alinyonya kidogo. Asubuhi ya tatu wakamkuta amelala ubavu, masikio ya baridi, hawezi tena kuinua kichwa. Basi, ngozi inavuliwa na mambo yanaishia hapo.

Lakini hasara haiishi hapo. Wengi wenu munakamua ngombe wa kienyeji ao waliochanganywa, na munajua tabia yao: bila ndama kusimama karibu, mama anafunga maziwa. Kwa hiyo ndama akifa mwezi wa kumi, nyumba inapoteza mtaji wa kesho, na inapoteza pia litra za kupeleka kwenye depo ama kwa wenye kutengeneza fromaji. Ndiyo sababu toleo hili tunataka kuongea juu ya neno hilo moja, baridi. Kwa maoni yetu linabebeshwa makosa mingi ambayo si yake.

Ngombe mzima iko na jiko tumboni

Hatukatai kwamba mlima ni baridi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapunguka kama digri 6. Malisho ya mita 2,400 yako na digri tano ao sita chini ya zile za kando ya ziwa, na usiku wa mvua na upepo kipimo kinaweza kuteremka chini ya digri 10.

Hata hivyo, ngombe mzima haogopi digri 10. Kule Kanada ngombe wa nyama wanapitisha majira ya baridi nje, na theluji inakaa juu ya mgongo bila kuyeyuka, juu manyoya makavu yanazuia joto la mwili lisitoke. Tena ndani ya tumbo kubwa majani yanachachuka usiku kucha, na kazi hiyo inatoa moto. Ngombe aliyeshiba majani anatembea na jiko lake.

Ndama mchanga hana jiko hilo. Tumbo lake kubwa bado halijaanza kazi, na mafuta aliyozaliwa nayo ni kidogo sana. Kuni zake ni maziwa tu. Katika wiki mbili tatu za kwanza, joto likishuka chini ya digri 15 hivi, anaanza kuchoma nguvu za ziada kusudi ajipashe moto, hata kama ni mkavu na hakuna upepo. Akiwa amelowa, manyoya yanalala juu ya ngozi na hayashiki tena joto. Upepo ukiongezeka, anaishiwa haraka zaidi. Baridi peke yake ndama anaiweza. Inayomshinda ni baridi pamoja na maji, upepo na tumbo tupu, na vitu hivyo vitatu viko mikononi mwetu.

Masaa kumi na tano

Tuanze na tumbo tupu, juu ndilo jambo ambalo watu wanaongea kidogo.

Tuhesabu pamoja. Nyumba nyingi ndama ananyonya mara ya mwisho saa kumi ya jioni, mbele ya mvua na mbele ya giza. Kisha anafungwa mbali na mama, kusudi maziwa ya asubuhi yapatikane. Ukamuaji unaanza saa moja ya asubuhi, na yeye anaachiliwa nyuma ya ukamuaji. Hayo ni masaa 15 bila kitu, na ndiyo masaa ya baridi kuliko yote. Baridi kali inafika karibu na alfajiri, wakati ambapo maziwa ya jana yamekwisha zamani. Tukisikia kwamba ndama alikutwa vibaya asubuhi, tunauliza kwanza saa gani alinyonya jana.

Dawa ya hapa haiulizi hata franga moja: sogeza mnyonyo wa jioni mpaka saa mbili ya usiku. Masaa 15 yanakuwa 11. Tunajua kwamba kutoka nje na tochi katika mvua haiko raha, na kwamba kuna sehemu ambapo kutoka usiku haiko salama. Kwa hao, zizi la ndama lijengwe likigusa ukuta wa nyumba ya watu, na mtu ampe maziwa ya chupa ama ya ndoo bila kwenda mbali. Maziwa yawe ya moto kama mwili wenyewe, digri 38 ao 39. Kidole kisisikie moto wala baridi. Maziwa baridi yanamlazimisha ndama kutumia nguvu zake kuyapasha ndani ya tumbo.

Na kiasi? Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku. Ndama wa kilo 30 anakunywa litra 3. Hiyo inatosha kwa siku nzuri. Katika wiki za mvua na upepo aongezewe litra moja, kwa wiki tatu za kwanza. Asiyetaka kupima na chupa aache titi moja bila kukamua asubuhi, na titi lingine jioni, ndama ajisaidie mwenyewe.

Litra moja kwa siku 21 ni litra 21. Kila mmoja azihesabu kwa bei ya kwao. Ni sabuni, ni chumvi, ni karo ya mtoto kwa sehemu, tunajua. Upande mwingine wa hesabu kuna ndama mzima, na mama anayekubali kukamuliwa miezi mingi.

Hapa tunasema neno ambalo pengine halitafurahisha kila mtu wa depo. Koperative inayosifu tu mwanachama wa litra mingi, na kumuuliza maswali yule ambaye litra zake zimepunguka nyuma ya uzazi, inamsukuma kumnyima ndama. Tumeona daftari ambamo ngombe aliyezaa wiki moja anaandikwa kama wengine. Komite ingeweza kuamua kwamba kwa wiki tatu za kwanza ngombe huyo hahesabiwi kabisa. Wenye fromaji nao watapata faida: maziwa ya siku za kwanza yanaganda yakipikwa na yanaharibu fromaji. Hayafai kuingia ndani ya bido ya pamoja.

Maziwa ya kwanza, ile ya manjano

Kuna watu wanaomwaga maziwa ya kwanza chini, wakisema ni machafu, yanaharisha. Wengine wanayapika kwa watoto. Hayo ndiyo maziwa ambayo ndama hawezi kukosa. Mwana wa ngombe anazaliwa bila kinga. Mama hawezi kumpitishia kinga akiwa tumboni. Inapita ndani ya maziwa hayo mazito ya manjano, na mlango wa utumbo unaoipokea unajifunga kidogo kidogo: ndani ya masaa sita umekwisha kupunguka sana, na nyuma ya siku moja umefungwa. Maziwa hayo pia yana mafuta mengi, kwa hiyo ndiyo kuni za usiku wa kwanza.

Anyonye ndani ya masaa mawili. Wa kilo 30 apate litra mbili hapo hapo, na ingine moja ao mbili mbele ya masaa 12 kupita. Usiridhike na kumuona amesimama chini ya mama: tia kidole kinywani, angalia kama matiti yamelegea. Mama akikataa ama akifa, omba kwa jirani ambaye ngombe wake alizaa siku ile ile. Ila ngombe aliyewahi kutupa mimba bila sababu kujulikana, maziwa yake tusiyachukue, kwa ndama wala kwa watu. Anaweza kuwa na brusela.

Na kitovu kichovywe katika dawa ya yodi saa ile ile, chote mpaka kwenye ngozi. Kitovu kilicholowa katika matope ni njia ya microbe kuingia, na ndama mwenye homa ya kitovu anakufa "juu ya baridi" kama wengine. Chupa ndogo ya yodi inatosha ndama wengi. Ni kitu cha kununua pamoja.

Piga magoti

Tuje kwa kitanda. Ndama mchanga analala sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo baridi kubwa inapanda toka chini. Tumeona mazizi mazuri ya mbao, paa la mabati jipya, na ndani ndama amelala juu ya udongo ulioloa mkojo. Afadhali yule wa jirani chini ya kibanda cha mianzi lakini juu ya majani makavu.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Piga magoti ndani ya zizi, mahali ndama analala, na uhesabu polepole mpaka 30. Ukisimama na suruali imelowa, ndama naye amelowa. Kipimo cha pili: angalia ndama akiwa amelala. Miguu ikionekana yote juu ya majani, majani ni machache. Ikizama na kujificha, inatosha, juu anajitengenezea kitundu chake na joto linabaki ndani.

Majani ya ngano ni mazuri kuliko yote, na kule Lubero wanaolima ngano wanayaacha shambani bure. Yakikosekana, majani makavu ya malisho, ama makapi ya maharagi. Miti ya mahindi inyonyi maji isipokatwa vipande vidogo, na majani ya ndizi yanashika unyevu haraka. Jambo gumu ni kwamba wakati wa mvua hakuna majani makavu. Yanakatwa mwezi wa saba na wa nane, yanawekwa juu ya mbao chini ya paa. Aliyekosa kufanya hivyo mwaka huu aulizie kwa wenye kupiga mbao: vumbi la mbao iliyokauka linanyonya mkojo vizuri, kisha majani kidogo juu yake. Chini kabisa, watu wa upande wa volkano wako na bahati: changarawe nyeusi ya lava inapitisha maji vizuri. Wengine wainue sakafu kwa udongo na mawe, wailaze kidogo upande mmoja, na wachimbe mfereji kuzunguka zizi. Paa litokeze mbele kusudi matone yasirudi ndani.

Moshi hausaidii

Baridi ikizidi, watu wanafunga. Wanafunga mlango, wanapachika shitingi kila upande, wanaziba tundu la juu, na wengine wanawasha moto ndani. Tunaelewa moyo huo, lakini hewa inakuwa mbaya. Mkojo ukioza unatoa harufu kali inayochoma macho. Ukiisikia wewe mwenye kusimama, ndama mwenye pua karibu na chini anaipata mara mbili. Moshi nao unaumiza mapafu, na unyevu wa pumzi unageuka matone kwenye mabati, yanaanguka juu ya manyoya. Ndama anatoka ndani ya nyumba ya moto na kikohozi.

Kuta zifungwe vizuri toka chini mpaka urefu wa kifua cha mtu, upande upepo unatokea. Juu ya hapo, chini ya paa, acha nafasi wazi kama upana wa mikono miwili. Upepo usimguse aliyelala, lakini hewa chafu itoke. Mlango utazame upande ambao mvua haitokei. Kwa ngombe wanaolala nje ndani ya malisho, kama ilivyo desturi ya Masisi, kibanda kidogo cha ndama peke yao kinatosha. Hakuna lazima ya kumjengea mama. Yeye apewe mstari wa miti wa kukinga upepo, na majani mingi jioni.

Kuna koti pia. Blanketi kuukuu, ama gunia la katani, likunjwe mgongoni na lifungwe kwa kamba mbili, moja kifuani na nyingine nyuma ya miguu ya mbele, bila kukaza. Gunia la nailoni peke yake linafungia jasho. Tia kitambaa ndani. Koti lililolowa livuliwe mara moja, juu linakuwa baya kuliko kukosa koti. Jua likitoka, lianikwe.

Ukimkuta amelala ubavu

Tuseme ni saa kumi na moja ya asubuhi na ndama hasimami. Tia kidole kinywani. Kinywa kikiwa cha baridi na hanyonyi kidole, hali ni mbaya, lakini haijakwisha.

Kosa kubwa hapa ni kumshika kichwa na kumiminia maziwa kwa chupa. Asiyeweza kumeza anayapeleka kwenye mapafu, na atakufa kwa hayo. Kwanza joto. Mpeleke ndani ya nyumba, mkaushe kwa nguvu na vitambaa ama majani makavu mpaka manyoya yasimame. Chupa za plastiki zijazwe maji ya moto, zifungwe ndani ya nguo kusudi zisimuunguze, ziwekwe chini ya tumbo na kati ya miguu. Kama iko baridi kabisa na kuna pipa lililokatwa, mlaze ndani ya maji ya digri 38 mpaka 40, kichwa nje, mtu akimshika, na kuongeza maji ya moto kidogo kidogo. Kisha akaushwe mpaka ngozi. Akianza kunyonya kidole, ndipo apewe maziwa ya moto, kidogo kidogo. Asipoanza, mwite veterineri mwenye mpira wa kupitisha maziwa mpaka tumboni.

Termometa inaondoa mashaka. Ndama mzima iko kati ya 38.5 na 39.5. Chini ya 38 anza kumpasha. Chini ya 35 maisha yake yako mashakani, usingojee dakika. Termometa moja kwa wanachama kumi si kitu cha kushinda koperative.

Akiharisha, asikatiwe maziwa, kosa ambalo tunaliona kila pahali. Anapoteza maji na chumvi, na ukimnyima maziwa unamzimia jiko. Aendelee na maziwa yake, na kati ya minyonyo apewe maji yaliyochemshwa: litra moja, vijiko vidogo 6 vya sukari bila kurundika, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Litra mbili kwa siku kwa mdogo, hata zaidi akitaka.

Si kila kikohozi ni cha baridi

Ndama anayepumua haraka, masikio yameanguka, pua inatoka, na homa inapita 40, pengine mapafu yameshikwa. Lakini papasa kwanza chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta vivimbe vigumu, na ndama aliletwa karibuni toka juu, ama kupe wako mwilini, fikiri theileria. Ugonjwa huo unaletwa na kupe, na blanketi haliuponyi. Dawa yake ni tofauti na ya mapafu, tena inafaa tu ikianza mapema. Aliyezaliwa juu sana, pahali pasipo na kupe wengi, hana kinga yake. Ukimteremsha kwenye malisho ya chini anashikwa haraka. Ndiyo maana sindano ya antibiotiki iliyonunuliwa sokoni bila kujua ni ugonjwa gani inamaliza pesa na siku mbili za kupona.

Kwa ndugu wa Haut-Katanga wanaosoma gazeti hili: kwenu baridi inakuja mwezi wa sita na wa saba, bila mvua, na usiku unaweza kushuka chini ya digri 10. Ukavu huo ni msaada mkubwa. Jihadharini zaidi na upepo, na vibanda vya mbuzi vyenye sakafu ya fito. Mbuzi wadogo wanalala juu ya nafasi wazi na upepo unawapiga toka chini. Tandikeni majani ama mkeka pembe moja mpaka wafikishe mwezi.

Tarehe juu ya mlango

Mimba ya ngombe inachukua miezi tisa na siku kumi hivi. Aliyepandwa katikati ya mwezi wa pili atazaa mwisho wa mwezi wa kumi na moja, ndani ya mvua nzito. Aliyepandwa mwezi wa tisa atazaa mwezi wa sita, wakati ardhi ni kavu na majani ya kutandika yako tele, ila malisho yatakauka mbele yake na maziwa yatapunguka mwezi wa nane. Kila mfugaji achague hasara anayoweza kuibeba. Mwenye matete ya kukata na majani yaliyowekwa anaweza kuchagua mwezi wa sita. Asiye na akiba ya chakula, afadhali azalishe mwezi wa tisa, lakini awe na kitanda kikavu tayari.

Dume akitembea na ngombe mwaka mzima, hakuna anayechagua. Angalau andika kwa makaa juu ya mlango wa zizi tarehe uliyomuona akipanda, na ongeza hapo chini tarehe ya kuzaa. Wiki mbili mbele ya siku hiyo, yodi iwe imenunuliwa, majani yawe ndani, na mtu wa kutoka na tochi saa mbili ya usiku awe amejulikana ni nani.